Kipokezi cha data kinashika mawimbi lakini data inaharibika: dalili, vyanzo na marekebisho

Malalamiko yanayofika kwenye meza za mafundi wa redio za data huku Goma hayana aina nyingi. Mawimbi yamejaa lakini data ni takataka. Asubuhi inafanya, mchana inakufa. Tumeongeza kikuza mawimbi, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Nyumbani ilifanya vizuri, tulipoipandisha kwenye paa mtaani Himbi ikagoma. Karibu kila mara mwenye kifaa ameshajaribu dawa moja tu, kuongeza nguvu. Nguvu hutibu ugonjwa mmoja kati ya minne, na mmoja wapo huuzidisha.

Mfano tutakaoushikilia ni huu: transmita ya QPSK (njia ya kubeba data kwa kugeuza awamu ya wimbi kati ya nafasi nne, kila nafasi ikiitwa alama) kwenye bendi ya 433 MHz, inayotuma alama 250,000 kwa sekunde. Kipokezi ni kidude cha RTL-SDR, redio ndogo ya USB, kilichochomekwa kwenye Raspberry Pi au laptop, kinachukua sampuli milioni 1 kwa sekunde (yaani 4 kwa kila alama), na programu umeiandika mwenyewe au umeipanga kwenye GNU Radio, programu ya kuunda redio kwa kompyuta. Alama moja hubeba biti 2 na hudumu mikrosekunde 4. Shika hiyo namba 4, itarudi. Anayetumia FSK ya polepole au LoRa, njia nyingine za kurusha data, asome habari za antena, umeme na kuzidiwa. Za ekwalaiza, yaani kifuta mwangwi cha programu, anaweza kuziruka.

Kwanza kabisa: kipimo cha desibeli 3

Kipimo hiki kinachukua dakika kumi, na bila hicho unabahatisha. Transmita itume mfuatano wa biti unaoujua. Kipokezi kihesabu makosa kwa dakika 2. Kisha weka kipunguza mawimbi cha desibeli 3 kati ya antena na kikuza mawimbi cha kwanza, uhesabu tena dakika 2. Ukikosa kipunguza mawimbi, ongeza mita 8 hadi 9 za kebo ya RG-58. Kwenye 433 MHz inakula karibu kiasi hicho hicho.

Makosa yakiongezeka sana, kipokezi kinakosa mawimbi ya kutosha. Hapa, na hapa peke yake, ndipo antena bora, kebo fupi au kikuza mawimbi chenye kelele ndogo kina kazi.

Makosa yakipungua, kipokezi kimezidiwa. Uchafu unaozaliwa ndani ya kipokezi pale mawimbi mawili makali yanapochanganyika hushuka desibeli 3 kwa kila desibeli 1 unayopunguza mlangoni. Kwa hiyo desibeli 3 zako zimeushusha uchafu kwa desibeli 9.

Kisipobadilika kitu, uharibifu unaingia pamoja na mawimbi yenyewe. Zima transmita, utazame picha ya masafa. Bendi ikibaki chafu, ni mwingiliano wa nje. Ikiwa safi, unapambana na mwangwi, au na hesabu za programu yako.

Dalili ya 1: hakuna kinachosikika

Anza na konekta. Gesi ya volkano ya Nyiragongo ina salfa, mvua yake inakuwa na asidi, na shaba ya konekta iliyoachwa wazi juu ya paa hugeuka kijani. Fungua, tazama. Pima kwa mita: pini ya kati ya upande huu hadi pini ya kati ya upande ule iwe chini ya omu 1, pini ya kati hadi ganda la nje, antena ikiwa imetolewa, isipitishe kabisa. Kebo iliyopata maji ndani haikaushwi. Kata sehemu iliyobadilika rangi, na ukiona weusi unaendelea ndani ya wavu, tupa kebo yote.

Cha pili ni aina ya kebo. Watu wanang'ang'ania RG-58 kwa sababu ni ya omu 50, wakati RG-6 ya televisheni, inayopatikana kirahisi mtaani Birere, inapoteza kama desibeli 0.14 kwa mita pale RG-58 inapopoteza karibu 0.35. Kutolingana kwa omu 75 na 50 kunakugharimu chini ya desibeli 0.2. Kwa mita 20 za kupokea tu, kebo ya televisheni inashinda kwa karibu desibeli 4. Kwa upande wa transmita hesabu ni nyingine, usiitumie kebo hiyo.

Baada ya hapo angalia umeme wa kikuza mawimbi kama unapita kwenye kebo. Pima volti mwishoni mwa kebo, si mwanzoni: volti 5 zinazotoka chini zinaweza kufika juu zikiwa 4. Tahadhari: usiwashe umeme huo ikiwa antena yako imeunganishwa chuma kwa chuma kati ya pini na ganda, kama zilivyo nyingi za mkunjo. Ni kufunga njia fupi, na kidude kinaweza kuungua.

Kisha urefu wa antena. Robo ya wimbi kwa 433.92 MHz ni sentimita 17.3 kwenye karatasi, lakini waya halisi ukatwe karibu 16.5. Mwisho kabisa, mipangilio: masafa, kasi ya alama, neno la kuanzia (biti zinazoashiria mwanzo wa ujumbe). Hii ya mwisho inaonekana ya kitoto ila hutokea, hasa pale mtu mmoja alipobadilisha transmita na mwenzake hana habari.

Kama vyote viko sawa na bado kimya, fanya hesabu kabla ya kununua chochote. Kelele ya joto ni −174 dBm (desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati 1) kwa kila hezi. Kwa alama 250,000 inakuwa −120 dBm. Ongeza desibeli 6 za kelele ya kipokezi, ongeza nyingine kama 12.6 ambazo QPSK inazihitaji ili ipate kosa moja katika biti 100,000. Unafika karibu −101 dBm. Mawimbi yakifika chini ya hapo bila kodi ya kurekebisha makosa (biti za ziada zinazomwezesha mpokeaji kusahihisha), kipokezi hakina ubovu. Umbali ndio umekushinda.

Dalili ya 2: nguvu ipo tele, makosa hayapungui

Hii ndiyo inayokula siku za watu.

Chanzo cha kwanza kwa wingi ni kuzidiwa, na kipimo cha desibeli 3 kimeshakuambia. Redio za FM ziko nyingi mjini, minara ya simu iko karibu, na ng'ambo ya mpaka Gisenyi nayo inarusha. Kidude cha biti 8 kina nafasi ya desibeli 50 hivi tu kati ya wimbi kubwa na dogo. Toa antena, shusha ukuzaji hadi chini, rudisha antena, kisha pandisha ngazi kwa ngazi. Simama pale sakafu ya kelele inapopanda desibeli 6 hadi 10 juu ya ilivyokuwa bila antena. Kupita hapo hupati mawimbi zaidi, unajaza tu nafasi. Ikibaki vibaya, weka filta ya kukata 88 hadi 108 MHz, au bora filta inayoruhusu 433 peke yake, kabla ya kikuza mawimbi. Filta baada ya kikuza kilichokwisha zidiwa haifui dafu.

Chanzo cha pili ni filta zako mwenyewe. Transmita inaunda umbo la alama kwa kigezo cha filta (kinachoamua upana wa masafa) cha 0.35, kipokezi kimewekwa 0.2, kila alama inamwagikia jirani yake, na unalaumu milima. Kipimo ni cha kebo: unganisha transmita na kipokezi kwa waya kupitia vipunguza mawimbi vya desibeli 60 hadi 80, tazama mchoro wa jicho, yaani alama nyingi zikichorwa moja juu ya nyingine. Usiunganishe moja kwa moja kamwe, kwa sababu transmita ya miliwati 100 ni +20 dBm na mlango wa kidude haustahimili hivyo. Jicho likiwa limefumba hata kwenye kebo, tatizo liko mezani. Likiwa wazi kwenye kebo na kufumba hewani, sasa lawama iende kwa milima.

Chanzo cha tatu ndiyo mwangwi. Wimbi linafika moja kwa moja, na nakala yake inafika baadaye kidogo ikiwa imepiga mteremko, uso wa ziwa au safu ya mabati. Kila mita 300 za kuzunguka ni mikrosekunde 1 ya kuchelewa. Kwa Bukavu, ambako vilima vinatazamana kuvuka ghuba, kuzunguka mita 1,200 zaidi si ajabu: hizo ni mikrosekunde 4, alama nzima. Alama ya sasa inapokelewa ikiwa imebebana na ile iliyotangulia. Ukiongeza nguvu, zote mbili zinakua pamoja.

Mwangwi unaweza kuupima bila kifaa cha ziada. Tazama umbo la masafa ya transmita yako. Badala ya kilima laini utaona mabonde. Umbali kati ya bonde na bonde, ukigawa 1 kwa huo, ndio muda wa kuchelewa: mabonde kila kilohezi 250 maana yake mikrosekunde 4, yaani mita 1,200. Kina cha bonde kinakupa ukali: mwangwi wenye nusu ya kimo cha wimbi la kwanza unaleta tofauti ya desibeli 9.5 kati ya kilele na bonde. Chukua ramani, chora, mara nyingi utaujua mteremko wenyewe.

Marekebisho, kuanzia la bei rahisi:

1. Sogeza antena. Nusu ya wimbi ni sentimita 35 hivi. Jaribu hatua za sentimita 10 hadi 15, juu, chini na pembeni, ukisoma makosa kila hatua. Ishushe nyuma ya ukuta unaoficha mteremko mkorofi lakini hauzibi transmita.
2. Tumia Yagi, antena inayosikiliza zaidi upande mmoja, uielekeze ili mgongo wake uwe upande wa mwangwi. Wakati mwingine mahali bora si pale penye nguvu nyingi zaidi. Amini hesabu ya makosa, si mshale wa nguvu.
3. Punguza kasi. Kwa alama 25,000 kwa sekunde, kila alama inadumu mikrosekunde 40 na mwangwi wa 4 unakuwa sehemu ya kumi tu. Kwa kituo kinachotuma kina cha maji mara moja kwa dakika, kasi ya 250,000 ilikuwa ya nini?
4. Ikiwa kasi unaihitaji kweli, weka ekwalaiza.

Dalili ya 3: ekwalaiza ipo, lakini inalipuka, inateleza au haisaidii

Ekwalaiza ni mstari wa vizidishi vinavyojifunza kuufuta mwangwi. Kanuni inayotumika zaidi, LMS, ilitolewa na Widrow na Hoff mwaka 1960, na Robert Lucky wa Bell Labs akaipa dunia ekwalaiza inayojirekebisha yenyewe kwenye simu mwaka 1965. Hesabu ni nyepesi mno, na ndiyo maana inakosewa kwa urahisi.

*Inalipuka: namba zinakua hadi programu inaonyesha NaN (yaani si namba).* Hatua ya kujifunza ni kubwa. Kikomo ni 2 kugawa kwa (idadi ya vizidishi × nguvu ya wastani ya sampuli). Kwa vizidishi 21 na nguvu 1, kikomo ni 0.095, anza na sehemu ya kumi yake, 0.01. Chanzo kingine ni nguvu isiyosawazishwa: jana sampuli zilikuwa na nguvu 1, leo umepandisha ukuzaji zikawa na 16, na kikomo kimeshuka mara 16 bila wewe kugusa msimbo. Sawazisha nguvu kabla ya ekwalaiza, au gawa hatua kwa nguvu ya sampuli zilizomo ndani kila mara.

*Haitulii kabisa.* Kizidishi cha katikati kianze na 1, vingine 0. Tumia sampuli 2 kwa kila alama, vizidishi 16 hadi 24 kwa mwangwi usiozidi alama 3. Ifundishwe kwa mfuatano unaojulikana, alama mia kadhaa, kabla ya kuachwa ijifunze kwa maamuzi yake yenyewe. Ukiiachia mapema, wakati bado inakosea alama moja katika tano, inajifundisha uongo na kuuamini. Pale ambapo transmita haina mfuatano wa mafunzo, tumia njia ya kipofu ya Godard, CMA, hadi pete ya nukta (kila nukta ni alama iliyopokelewa, ikichorwa kwenye skrini) igawanyike kuwa mafungu manne. Ujue tu kwamba haijali mzunguko wa nukta, hiyo ni kazi ya baadaye.

*Inafanya vizuri kama sekunde moja, inaanguka, inarudi, inaanguka tena.* Chora vizidishi kwenye skrini ukae unavitazama. Utaona kilele kinatembea: namba 11, 12, 13, taratibu kama mtu anayepanda ngazi, hadi ukingoni, kisha makosa yanamwagika na kila kitu kinaanza upya. Hapo ekwalaiza inafanya kazi ya saa. Fuwele za pande mbili zikitofautiana sehemu 20 kwa milioni, unapoteza alama moja kila alama 50,000, yaani kila sekunde 0.2. Kwa sampuli 2 kwa alama, kilele kinahama kizidishi kimoja kila sekunde 0.1, na kutoka katikati hadi mwisho wa vizidishi 21 ni sekunde moja kamili. Rekebisha kifuatilia saa ya alama. Cha Gardner cha mwaka 1986 kinatosha, kinahitaji sampuli 2 kwa alama tu. Upana wa mzunguko wake uanze na 1% ya kasi ya alama. Kama data yako ina sufuri nyingi mfululizo, kitapotea, kwa hiyo weka kivuruga biti upande wa transmita.

*Imetulia, jicho limefunguka, lakini kelele imeongezeka.* Mwangwi wako una nguvu karibu sawa na wimbi la kwanza, na bonde ni refu mno. Ekwalaiza ya mstari inalijaza bonde kwa kulikuza, na kelele iliyomo inakuzwa nayo. Hakuna hatua ya kujifunza itakayokuokoa. Hamia kwenye ile inayorudisha maamuzi yaliyokwisha fanywa na kuyatoa: vizidishi 12 mbele na 4 au 5 nyuma. Ubaya wake ni kwamba kosa moja linazaa mengine machache kabla ya kutulia, basi usishangae makosa kuja kwa vikundi vidogo. Kilicho bora zaidi ni kutafuta mfuatano mzima unaoelekea kuwa sahihi kwa algoriti ya Viterbi, jinsi Forney alivyoonyesha mwaka 1972. Kwa QPSK na mwangwi wa alama 2 unahitaji hali 16, Raspberry Pi inaziweza. Kwa alama 5 ni hali 1,024. Hapo rudi kusogeza antena.

Jambo moja dogo linalosahaulika: transmita ikinyamaza, gandisha vizidishi. La sivyo ekwalaiza inajifunza kelele usiku kucha.

Dalili ya 4: nukta zinazunguka na kuchora pete

Masafa ya pande mbili hayalingani. Fuwele ya kawaida yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni inakosea kilohezi 8.7 kwenye 433.92 MHz, na kwa kasi yetu hiyo ni nyuzi 12.5 za mzunguko kwa kila alama. Mzunguko mwembamba wa kufuatilia hauwezi kuushika.

Kipimo: inua sampuli kwenye kipeo cha nne, chukua FFT, hesabu inayotenganisha masafa. QPSK inatoweka na kubaki mstari mmoja mkali. Masafa yake gawa kwa 4, hilo ndilo kosa. Njia hii inafika hadi kilohezi 31 kila upande. Sahihisha kwanza kwa ukubwa huo, kisha uachie mzunguko wa Costas, kifuatilia awamu ya wimbi, umalizie: 1% ya kasi ya alama wakati wa kushika, 0.1% hadi 0.2% ukishashika. Uweke baada ya ekwalaiza. Ukiwaacha wawili hao warekebishe kitu kimoja kila mmoja kivyake, watavutana.

Nukta zikikaa tuli kisha kuruka ghafla, si masafa. Kompyuta inapoteza sampuli. Endesha programu ya `rtl_test` dakika kadhaa uone kama inaripoti zilizopotea. Vyanzo ni kebo mbaya ya USB, kompyuta iliyolemewa, au umeme: Raspberry Pi huanza kulalamika ikishuka chini ya volti 4.63, na chaja nyingi za simu zinafika huko kazi ikizidi. Kama mtandao wa umeme, au kuran kama tunavyosema mjini, unayumba jioni, weka betri katikati.

Kidude kikiwa kimewashwa sasa hivi, kipe dakika 15 kipate joto kabla ya kuhukumu. Chenye fuwele iliyofidiwa joto, cha sehemu 1 kwa milioni, kinapunguza kosa hadi hezi 434, na kwa bei yake ndilo badiliko lenye faida kuliko yote kwenye orodha hii.

Dalili ya 5: nukta nne safi kabisa, biti zote takataka

Habari njema, redio haina kosa. QPSK ikigeuzwa nyuzi 90 inafanana na yenyewe, kwa hiyo kipokezi kinaweza kutulia katika mielekeo 4, na kama I na Q, sehemu mbili za kila sampuli, zimebadilishana nafasi, inakuwa 8. Jaribu zote 8 dhidi ya neno la kuanzia la biti 32, moja italingana. Isipolingana hata moja: mpangilio wa biti ndani ya baiti, kivuruga biti kisichoanza na hali sawa, kisha mwanzo wa kichanganya biti. Ukichoka na mchezo huu, tumia kodi ya tofauti, ambapo ujumbe umo katika badiliko la alama, na ukubali kupoteza desibeli 2 hivi.

Dalili ya 6: makosa yanakuja kwa mafungu, katikati pasafi

Pima muda kati ya fungu na fungu. Yakiwa kila milisekunde 10, ni umeme wa 50 Hz unaochoma mahali fulani, kwa sababu cheche hutokea mara mbili kwa kila mzunguko: soketi iliyolegea, waya uliochubuka, transfoma ya taa. Yasipokuwa na mpangilio, tafuta karakana ya kuchomelea, jenereta ya petroli au kituo cha pikipiki chini ya dirisha. Kila plagi ya pikipiki ni transmita ndogo. Zima vifaa vyako mwenyewe kwanza, kimoja kimoja. Mara nyingi mkosaji ni chaja au kidhibiti cha paneli ya jua kilichofungwa sentimita 20 kutoka kwenye kipokezi. Sogeza kipokezi, pitisha kebo ya umeme mara 1 au 2 kwenye pete ya ferriti (inayozuia kelele za redio kwenye waya) ya aina ya 61, halafu pima upya.

Kwenye programu kuna tiba mbili. Ya kwanza ni kukata sampuli zinazozidi mara 4 ya kimo cha kati, na hili lifanyike kabla ya filta nyembamba, kwani filta hurefusha mpigo. Ya pili ni kuchanganya biti. Mpigo wa mikrosekunde 200 unaua alama 50, biti 100, na kodi ya kurekebisha makosa ya urefu wa 7, inayosomwa kwa Viterbi, inapigwa nakauti. Andika biti kwenye jedwali la safu 128 zenye biti 64 kila moja, ukiandika safu kwa safu na kusoma nguzo kwa nguzo: zile biti 100 zinatawanyika, kila moja mbali na mwenzake kwa nafasi 64. Gharama yake ni kuchelewa kwa biti 8,192, milisekunde 16 hivi.

Dalili ya 7: hali inafuata saa au mvua

Kwenye 433 MHz mvua yenyewe hailizuii wimbi. Kiungo kinachoanguka mvua ikinyesha na kurudi saa chache baada ya jua kina maji kwenye konekta. Kausha, badilisha, funga kwa tepu ya mpira inayojishika. Ukiikosa, utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli juu ya tepu ya umeme unashika vizuri. Acha kebo ipinde kwenda chini kabla ya kuingia ndani ili maji yadondoke hapo.

Kinachokufa mchana peke yake: joto chini ya bati linahamisha fuwele, au kidhibiti cha paneli ndicho kinafanya kazi wakati huo. Funika paneli kwa turubai dakika 5. Makosa yakiisha, umempata.

Mahali pa kusimama na kuita mtu

Mawingu yakikusanyika, shuka. Milima ya magharibi ya Ziwa Kivu, upande wa Kabare, ni kati ya sehemu zenye radi nyingi kuliko karibu zote duniani, zaidi ya miali 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Tenganisha kebo ya antena nje ya nyumba, si mezani. Kufunga ardhi juu ya lava kavu ya Goma ni kazi ya fundi umeme mwenye kipimo cha ardhi: fimbo iliyopigiliwa kwenye jiwe inaonekana imefungwa, kumbe haijafungwa.

Mnara usiopandika kwa ngazi ya kawaida, muachie mwenye mkanda na mazoea. Usifungue chaja, kigeuza umeme wala jenereta kutafuta kelele. Ndani mna volti 220, na kapasita hubaki na moto baada ya kuzimwa. Betri ya lithiamu iliyovimba itolewe nje, isichajiwe tena.

Ukigundua mwingiliano unatoka kwa transmita yenye kibali, au wewe ndiye unayewaharibia wengine, zima na uende kwa mamlaka ya masafa, ambayo kwa Kongo ni ARPTC. Karatasi ya kibali ikae pamoja na kifaa, kwa kuwa mtu mwenye antena juu ya paa huulizwa maswali.

Unapompelekea fundi, usimpelekee maelezo matupu. Rekodi sekunde 30 za sampuli ghafi. Kwa sampuli milioni 1 ni MB 60, zinaingia kwenye flashi yoyote. Rekodi moja transmita ikiwa imewashwa, nyingine ikiwa imezimwa, na kwenye kila moja andika masafa, ngazi ya ukuzaji, saa, na kama kipunguza mawimbi kilikuwepo.